Otorai ya Papa Tshiamala

Juzi mlinionyesha ile mashine yenu ya shule ya ufundi. Mmoja wenu alichora gurudumu kwenye kompyuta, akabonyeza, tukakaa kunywa soda, na gurudumu likatoka limekamilika, hata tundu la ekseli limo. Mkanitazama mkingoja mzee aseme amefurahi. Nilisema nimefurahi. Nilidanganya, vijana. Nilikuwa na wivu mpaka soda ikanikwama kooni. Gurudumu kama lile, mimi na patasi yangu, ni kazi ya siku tatu, na siku ya nne ni ya kupiga msasa.

Mmeniomba niandike juu ya kazi yangu, nami kila nikishika kalamu naona siwezi kuandika kazi bila kuandika wivu. Nilifanya kazi miaka ishirini na tisa katika atelie, yaani karakana, ya reli hapa Lubumbashi, mingi kati ya hiyo wakati nchi inaitwa Zaïre na Chama ni kimoja. Mambo ya ufundi nilifundishwa na watu. Wivu sikufundishwa na mtu, nilikuja nao kutoka nyumbani pamoja na chakula changu cha mchana.

Kwanza mjue nilikuwa nani. Walituita modeleur. Kiwanda cha kuyeyushia chuma kilikuwa ukuta wa pili, na hakuna kitu kinachotoka pale bila sisi. Ikitakiwa sabo ya breki, kile kiatu cha chuma kinachobana gurudumu, sisi tunaichonga kwanza kwa mbao. Wenzetu wanaizamisha ile mbao ndani ya mchanga, wanaitoa, na katika shimo linalobaki wanamwaga chuma cha moto. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo habari yangu yote inapokaa: chuma kikipoa kinasinyaa. Ukichonga mbao yenye kipimo kile kile cha kwenye mchoro, kitakachotoka mchangani kitakuwa kidogo. Kwa hiyo modeleur ana rula za uongo. Sisi rula tuliita late, kama Wabelgiji walivyotufundisha. Kila mmoja alikuwa na tatu, za mbao ngumu ya manjano, fupi za kuingia mfukoni, zote zinafanana. Moja ni ya kweli, haina alama. Ya pili imechongwa F 1 pembeni, ni ya fonte, yaani chuma cha kumimina, ndefu kuliko ukweli kwa sehemu moja katika mia. Ya tatu imechongwa A 2, ya chuma cha pua, nayo imezidi kwa sehemu mbili katika mia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ni lazima usome alama kila mara unapoishika, hata kama uliiweka mwenyewe dakika moja iliyopita.

Atelie yetu ilikuwa na desturi. Aliyekosea late, ile late inatiwa kamba kwenye tundu lake, naye anaivaa shingoni toka asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Habari hufika haraka. Wale wa tanuru walikuja mmoja mmoja, nyuso nyeusi kwa masizi, wanasimama mbele yako, wanavua kofia: "Bonjour, Monsieur le Mètre!" Yaani, habari za asubuhi, Bwana Mita. Hata mpishi wa kantini alinijia. Nimeivaa mara mbili. Ramazani hakuivaa hata mara moja.

Ramazani alikuwa mwenzangu wa meza ya pili. Baba yake alitoka Kasongo, fundi wa milango, na nadhani mtu yule alizaliwa na patasi mkononi. Mimi nilimtangulia kazini kwa miaka miwili, na nilihakikisha watu wanalijua hilo. Alikuwa mrefu, mpole, anacheka taratibu. Alhamisi tulipotolewa nje kufanya mazoezi ya nyimbo na ngoma za Chama, wote tunatikisika kama magunia, yeye alicheza vizuri mpaka wanawake wa ofisini walisimama dirishani. Nilimwonea wivu kwenye ngoma ile, na hata kupenda kuicheza sikupenda. Nilimwonea wivu wa chai yake, aliyotiwa tangawizi na mke wake. Zaidi ya yote nilimwonea wivu wa mwandiko. Modeleur huandika namba juu ya kila kazi, kwa ncha ya kisu. Za kwangu zilisomeka. Za kwake ungetaka kuzitundika ukutani.

Shefu wetu alikuwa Papa Tshiamala, Mukasai mfupi, miwani imefungwa kwa waya wa shaba. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikagua mbao zetu akiwa amefumba macho, anapitisha kidole tu.

"Macho inakupenda," alisema. "Kidole haikupendi. Ni kidole njo utaamini."

Jaribuni hilo na vitu vyenu vya plastiki. Fumba macho, pitisha kidole polepole kwenye kiungo. Nusu ya milimita utaihisi wakati jicho limeshakuambia kila kitu kiko sawa.

Mwaka wa Papa kustaafu, kiangazi kilipoanza, alitushushia boksi kutoka juu ya kabati. Alikwenda Ubelgiji zamani kujifunza kazi, akarudi na boksi hilo: vipande vya plastiki vya kuunga otorai ndogo. Otorai ni treni ya dizeli isiyovutwa na loko, kile kichwa cha treni, injini yake imejificha chini ya sakafu ya behewa lenyewe. Hii ilikuwa ya mabehewa mawili, la mbele lenye mota na la nyuma la kufuata, kila moja sentimita ishirini na nane. Papa alikuwa akisema ataiunga akipata nafasi. Hakupata. Na kabati lile lilikuwa karibu na tanuri ya kukaushia viini vya mchanga, vile vinavyoacha tundu ndani ya chuma, joto kila siku, mwaka baada ya mwaka. Tulipofungua, upande mmoja wa boksi ulikuwa salama kama siku ya kununuliwa, na upande wa pili umejikunja kama biskuti iliyolowa. Kuta za behewa la nyuma zilikuwa zimepinda, paa limeshuka tumbo. Sakafu yake na magurudumu tu ndivyo vilivyopona.

Papa aligawa bila kufikiri, au ndivyo nilivyoona.

"Mwape, weye utafanya ile ya moteri. Vipande byake byote biko. Ramazani, weye utafanya ya nyuma. Chonga kuta na paa ku mbao, ifanane na ya mwenzako. Ikwishe mbele ya siku yangu ya mwisho."

Kisha akasema lile ambalo wote tulikuwa tunalingoja: siku hiyo ya mwisho atampelekea mkubwa wa atelie jina la atakayekaa kwenye kiti chake.

Mtu mwingine angeshukuru. Nimepewa behewa zima, lenye mota, vipande vyote vipo, karatasi ya maelezo ipo. Mimi nilikwenda mezani kwangu masikio yakiniwaka moto. Mimi nimepewa kupaka gundi! Kazi ya mtoto siku ya Noeli! Yule amepewa kuchonga, kutoka mti mtupu, kuta nyembamba kama kadi, madirisha kumi kila upande. Papa amempa yeye kazi ya mikono. Maana yake anaiamini mikono yake. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba kiti kimekwenda. Akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula.

Ili msidhani nilikuwa fundi mbaya, niwaambie jinsi ya kuunga plastiki ya zamani. Usiitoe kwenye fremu yake kwa kuivunja, ikate kwa wembe. Ioshe kwa sabuni, maana ina mafuta tangu kiwandani. Plastiki iliyozeeka ni kavu, inapasuka ukiilazimisha, kwa hiyo ipashe joto kwanza kati ya viganja vyako kama unavyofanya na mtoto aliyetoka mvuani. Gundi chukua kwa ncha ya sindano, kidogo kuliko unavyofikiri, halafu punguza tena. Mimi sikupunguza. Nilikuwa namtazama Ramazani badala ya kutazama mkono wangu, gundi ikatiririka, na dole gumba langu likabaki limechapwa kwenye kioo cha dereva mpaka leo. Dereva wangu anaonekana kama amejifungia ndani na sigara.

Na yule, upande wa pili, alikuwa anaranda mbao ya mulombwa mpaka mwanga unapita. Alipiga mluzi. Wiki ya pili alikuwa na kuta zilizonyooka, bado hazina madirisha. Watu wa tanuru walikuja kuangalia meza yake. Kwangu walipita tu, wakasema, "Na weye unabandika, mukubwa?"

Ijumaa moja, saa sita, Ramazani alikwenda msikitini kama kawaida, Papa alikuwa ofisini, wengine kantini. Nilichukua late yangu ya A 2. Nilipiga msasa juu ya alama, taratibu, mara kumi na tano hivi, mpaka A imekwenda na 2 imekwenda. Nilisugua mafuta na vumbi la mbao pale palipobaki peupe. Ikawa haina alama, kama late ya kweli. Niliiweka mezani kwa Ramazani, nikaichukua ya kwake ya kweli, nikaisukuma ndani ya moto wa tanuri ya viini. Iliwaka haraka. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza sigara. Nilijiambia kwamba siharibu kazi ya reli, kwa sababu kwa sabo za breki yeye hutumia ya fonte. Nilijiambia ni mchezo tu. Mtunza stoo nilimwambia ya kwangu ya A 2 imepotea, akanipa mpya.

Alichonga na late ile wiki tatu. Alianza hata kuta upya, eti zile za kwanza hazikumridhisha, nikafurahi kimya kimya. Kuta, madirisha, paa, vyote vilitoka na kipimo kile kile cha uongo, kwa hiyo vyote vilikubaliana. Behewa lilisimama zuri ajabu. Halafu akalishusha juu ya sakafu ya plastiki ya kwenye boksi.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Paa lilizidi kwa karibu milimita sita. Alilitoa, akalirudisha. Akasimama. Hakutukana, hakupiga meza. Akachukua late yake, akachukua na ya Papa kutoka msumarini, akazibananisha pamoja na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha. Nilingoja ageuke anitazame. Hakugeuka. Alirudisha ya Papa mahali pake, akaiweka ile nyingine mfukoni, na akakaa kunywa chai yake ya tangawizi.

Zilibaki siku tisa. Kuta mpya asingeweza. Kesho yake nilimkuta anachonga sakafu nyingine, ndefu, ya kutosha kwa behewa lake. Nilijua basi kwamba ameamua kumaliza kama lilivyo, na sikuelewa kwa nini, na sikulala vizuri, na bado nilimwonea wivu jinsi alivyochonga ile sakafu.

Siku ya Papa ilifika. Mkubwa wa atelie alikuja na abakosi yake, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi, wa tanuru wakajipanga ukutani. Tuliunganisha mabehewa juu ya meza ndefu, juu ya kipande cha reli tulichojipigia wenyewe, waya mbili kwenye betri ya lori. Behewa langu likavuta, la Ramazani likafuata. Watu wakapiga makofi. Kwa macho ilikuwa treni moja.

Papa alivua miwani, akafumba macho, akaweka kidole juu ya paa la kwangu, akakivuta kwenda nyuma. Pale mabehewa yanapokutana kidole kilisimama. Kilikuwa kimegonga ngazi ndogo, haifiki milimita moja. Alirudia. Kisha alipima yote mawili, urefu, kimo, upana, akahesabu kwa penseli juu ya meza.

"Mbili ku mia," alisema. "Kila fasi, mbili ku mia. Ramazani, late ulitumika nayo iko wapi?"

Ramazani aliitoa mfukoni. Papa aliigeuza, akatazama pale palipokuwa na alama, akapitisha dole gumba kwenye kona yake.

"Hii iko ya nani?"

"Yangu, Papa."

"Alama yake ilienda wapi?"

"Ilifutika, Papa."

"Ilifutika yenyewe?"

"Yenyewe. Ni kosa yangu. Fundi anapashwa kupima late yake mbele ya kuitumika."

Papa aliomba kamba. Aliipitisha kwenye tundu yeye mwenyewe, akainuka kwenye vidole vya miguu kwa sababu Ramazani alikuwa mrefu, akamvisha. Wa tanuru walivua kofia kama desturi, lakini hakuna aliyesema bonjour. Ramazani alifanya kazi na late shingoni mpaka king'ora. Ilikuwa ikigonga meza kila alipoinama, na kila ilipogonga niliisikia.

Mwenye kuvaa late hawezi kupewa ushefu mwaka ule, hilo lilijulikana. Jina lililokwenda kwa mkubwa ni langu.

Jioni Papa alikusanya vitu vyake. Nilidhani atachukua otorai nzima, ilikuwa mali yake. Aliyafungua yale mabehewa mawili, la kwangu akalisukuma kwangu.

"Ya kwako iko muzuri, Mwape. Ibaki hapa, bantu baione. Hii ingine nitaenda nayo."

Akalifunga behewa la Ramazani ndani ya taulo, lile lenye kosa la mbili katika mia, akalikumbatia kifuani, akatoka. Nilikuwa nimepata kiti, nimepata treni yenye mota. Nilisimama pale na wivu wa behewa lililoharibika.

Nilikaa kwenye kiti hicho miaka kumi na sita. Nilikuwa shefu mzuri, waulizeni waliobaki. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu, siku ya kwanza nilimfanya apime late zake juu ya zangu, na walidhani mzee ana wazimu wa usahihi. Ramazani alifanya kazi chini yangu muda wote huo. Alifundisha vijana kuchonga, mimi nikasaini makaratasi. Ikitokea kazi ngumu waliipeleka kwake kwanza, kisha wakaja kwangu kwa muhuri.

Alipostaafu, mimi ndiye niliyepaswa kutoa hotuba. Soda zilikuwa zimepangwa, watu wanangoja. Alinivuta pembeni ya kabati, akatoa bahasha ya kaki na kunipa. Ndani kulikuwa na late, kamba bado imo kwenye tundu.

"Ni yako," alisema. "Niliichunga tangu ile siku. Nilikuwa naogopa mutoto mumoja ataikamata bila kujua, akose."

Nilimuuliza alijuaje.

"Kona yake, Mwape. Kila siku ukiwaza unatafuna kona ya late. Meno yako iko pale. Papa naye alijua, aliishika na dole."

Kona ile nilikuwa nimeitafuna miaka mingi mpaka sikuiona tena. Nilifuta alama ya kiwanda nikaiacha ya kwangu.

"Na sababu ya nini haukusema?"

Alicheka taratibu, kama anavyocheka.

"Papa aliniuliza, siku ya pili, kwake nyumbani. Alitaka kukutoa ku kazi. Nilimwambia: Papa, muachie kiti, ataikala. Miye ile kiti sikuitaka hata siku moja. Miye nilitaka kuchonga."

Wakatuita. Nikatoa hotuba. Nilisema kwamba Ramazani ni mfanyakazi mwaminifu ila Ijumaa anachelewa kurudi, watu wakacheka, naye akacheka. Sikusema lingine. Sikulisema mpaka leo ninapowaandikia ninyi, na yeye hayupo tena kulisoma.

Lakini kuna jambo moja la kabla ya hotuba, na nimeahidi kuandika kazi yangu kama ilivyokuwa. Nilipoitoa ile late kwenye bahasha, niliona kwamba pale nilipofuta kwa msasa amechonga alama upya, kwa ncha ya kisu. A 2. Nilipaswa kuona aibu, na aibu ilikuja, inanijia hata sasa. Ila haikuja ya kwanza. Nilitazama ile A, miguu yake miwili imekaa sawa, na ile 2 yenye shingo yake, nikawaza kwamba ningepewa maisha mengine mawili nisingeweza kuichonga hivyo, na masikio yakaniwaka moto.